Mbwa wa Mlimani Aliyevaa Patipati

Nakumbuka Jumamosi moja nikiwa nimechuchumaa nyuma ya geti letu, viganja chini, ulimi nje, nikibweka. Sisemi kwa mfano, mwanangu. Nilibweka kweli, mpaka mate yakanidondoka kifuani, na kwa muda mfupi nilijiona mtu wa maana kuliko wote waliowahi kuishi mtaa ule.

Kabla sijaendelea, hilo neno "mwanangu" lina wenye kuliuliza. Watasema, huyu ni kijana wa kidato cha nne, ndevu zake bado zinaitana kwa majina, mwana amempata wapi? Sikilizeni. Sisi Wakamba mtoto hupewa jina la babu, na ukipewa jina umepewa na kiti. Mimi ni Nzioka, jina la babu aliyemzaa baba yangu. Ndiyo maana baba yangu mzazi akitaka viatu huniita "Nau," yaani baba, halafu nikichelewa huvuta sikio la baba yake bila haya. Na baba yangu mdogo, Mutua, mwalimu mzima mwenye kitambi, kwa hesabu ya jina ni kitinda mimba wangu. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wewe mwingine unayesoma huku unatafuta nyumba, panga foleni nyuma yake. Nitawaita nyote wanangu na hamna la kunifanya.

Jumapili iliyopita, mwanangu Mutua, ulitoka kanisani moja kwa moja ukaja kuangalia ile nyumba inayouzwa mkabala na yetu, hapa Mlimani, juu ya mji wa Kitui. Tuliandamana nawe, mimi na baba. Uligonga kuta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Ukafungua makabati, ukavuta mnyororo wa choo, maji yakashuka, nawe ukatabasamu kama mtu aliyesikia Injili kwa mara ya kwanza. Kisha ukasimama barazani, mikono kiunoni.

"Hapa ndipo watu wanaishi," ukasema. "Hakuna kelele, hakuna mbuzi wa mtu, hakuna mtu wa kuja kukuomba chumvi."

Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Aibu ya nyumbani haianikwi barazani kwa mwingine. Lakini usiku mzima niliisikia sentensi yako ikinizunguka kichwani. Hakuna mtu wa kuja kukuomba chumvi! Mwanangu, mtu huyo akikosekana, na wewe siku yako ya kuomba hutapata wa kumwomba.

Sasa turudi kwenye kubweka kwangu.

Unajua tulikotoka. Mbooni ukoo mzima unaishi mlima mmoja, na maji hutoka kwenye jiwe yakiimba. Ukipanda njia ile ya kupumulia mdomo, kila nyumba unayoipita inakuuliza unatoka wapi, unaenda wapi, na mbona umekonda. Mama yangu alikuwa mwimbishaji wa mwethya, ile kazi ya kusaidiana, leo matuta ya shamba lako, kesho ya kwangu. Mama akianzisha wimbo, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na hata mvivu anajikuta amelima bila kukusudia. Naujua uwezo huo kwa sababu mvivu mwenyewe nilikuwa mimi.

Baba akapandishwa cheo, akawa afisa wa ushirika. Yaani kazi yake ilikuwa kuzunguka wilaya nzima akiwafundisha watu kushirikiana. Usicheke bado, weka kicheko hicho akiba. Akanunua nyumba hii kwa mkubwa mmoja aliyehamishwa. Iliwahi kukaliwa na Wazungu, ina mifereji ndani, ina bafu la kulala kama mamba, ina ua wa kayaba wenye miiba ya kumzuia hata shetani, na geti la bati. Tulihamia mwezi wa kwanza, na mama tayari alikuwa mjamzito.

Kila geti la Mlimani lilikuwa na kibao kimeandikwa MBWA KALI. Baba akaona hatuwezi kuwa nyumba pekee isiyo na kali yoyote. Akaenda mjini, akarudi na bati lililopakwa rangi nyeupe na maandishi mekundu, akalipigilia misumari mwenyewe, akarudi nyuma hatua chache kulitazama.

"Na mbwa je?" nikamuuliza.

"Mbwa tutatafuta," akajibu. "Kwanza kibao."

Basi wakati mbwa akitafutwa, nafasi ile ya kazi ikawa wazi, na mimi nikaajiriwa bila kuomba. Nilianza kwa mchezo. Mtu akigusa geti, nabweka. Muuza sabuni alitoroka. Fundi wa viatu alitoroka akaacha kiatu. Baba alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta, na mtoto akichekewa ujinga anaufanya ufundi. Nikajifunza kubweka kwa mbali na kwa karibu. Nikajifunza kukwaruza bati kwa kucha na kuvuta mnyororo wa baiskeli chini kama mbwa anayekaribia kujikata. Niko wazi, mwanangu, nilikuwa na kipaji. Wengine Mungu aliwapa hesabu.

Mama hakucheka sana siku zile. Alikuwa ametoka mahali ambapo jina lake huitwa kabla jogoo hajawika, akaja mahali ambapo majirani hawana majina. Sisi wenyewe tuliwaita Gari la Kijani, Mapazia Manjano, na Yule wa Miwani. Alipotaka kutwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kutolewa maganda, aliingiza kinu gereji, akakitandikia magunia chini ili mchi usisikike. Hebu fikiria mwanamke anatwanga chakula cha watoto wake kama anayeiba. Nilimwona hivyo, nami nikaona ni jambo la kuchekesha.

Ndipo ikaja Jumamosi ile.

Nilikuwa nyuma ya kayaba nikila ndizi niliposikia sauti za wanawake barabarani. Nikachungulia. Walikuwa wamepanda kutoka bondeni, ule upande wa mto wa mchanga, wana majembe mabegani na viondo mgongoni. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwembamba, mrefu, amefunga leso kichwani, anatembea kama mtu aliyeamrishwa na miguu yake. Baadaye nilikuja kumjua, ni Susu Syokau. Susu ni bibi kwa Kikamba, na kule bondeni hata wazee wenye mvi walimwita hivyo. Alikuwa ameshika kibuyu cha uji kwa mikono miwili. Nyuma yake mama mmoja mnene, Kavata, alikuwa amebeba mzigo wa kuni kavu.

"Hodi!" akaita Kavata. "Hodi wenyewe!"

Mama alikuwa amelala ndani, tumbo lilimsumbua siku hiyo. Baba alikuwa kazini, akishirikisha watu.

"Labda hawasikii," mmoja akasema. "Nyumba ya mawe haina masikio."

"Ita tena," akasema Susu. "Mke wa watu ana mimba, hawezi kukimbia."

Nilisikia maneno hayo, mwanangu. Hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Sikuweza baadaye kusema nilidhani ni wezi. Nilijua ni wanawake, nilijua wamemjia mama, na niliona uji kwa macho yangu. Lakini mzaha ulikuwa umeshanipanda kooni, na mzaha ukishafika pale huwa haurudi tumboni.

Nikabweka.

Nilianza kwa mbali, wakanyamaza. Nikasogea nikivuta mnyororo, wakaanza kurudi nyuma. Kisha nikajitupa kwenye geti kwa mabega, bati likalia kama radi. "Yesu wangu, geti liko wazi!" mtu akapiga kelele, na wote wakatimua mbio. Majembe yalianguka, kuni zikamwagika, Kavata na unene wake akawapita wembamba wote. Susu alijaribu kukimbia akiwa bado amekumbatia kibuyu, mguu ukateleza kwenye kokoto, akaanguka kwa goti. Kibuyu kikapasuka. Uji ukatambaa barabarani hadi karibu na geti letu.

Nami nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono, machozi ya kicheko yananitoka.

Wenzake walirudi kumwinua. Hakutaka kuinuliwa. Alikaa pale pale chini, mguu umenyooka mbele yake, akatazama geti. Geti letu halikufika chini kabisa, lilikuwa na uwazi wa kutosha kupita paka.

"Nyamazeni," akasema. "Tazameni chini pale. Mbwa huyu amevaa patipati."

Mwanangu, hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Niliiangalia miguu yangu na zile patipati za bluu, nikatamani zife.

"Nimponde jiwe?" akauliza Kavata.

"Mwache," akasema Susu. "Mtoto hubweka lugha ya nyumbani kwao."

Wakaokota vipande vya kibuyu kimoja kimoja, wakaokota kuni, wakamshika mikono, wakashuka. Hawakutukana wala kulaani. Mkokoto wa mguu wake niliusikia mpaka kona.

Jioni nilimsimulia baba. Nilimsimulia vizuri, kwa mikono na sauti, lakini ile sehemu ya patipati niliimeza. Baba alicheka mpaka akavua miwani. "Nyumba ina mlinzi!" akasema, akanipiga bega. Mama alikuwa akipakua chakula.

"Walikuwa wamebeba nini?" akauliza.

"Majembe."

"Na nini kingine?"

"Kuni. Na kibuyu."

Mama akaweka mwiko chini. Kwetu hakuna mtoto asiyejua maana ya wanawake kufika kwa mjamzito na kuni na uji. Wamekuja kukuhesabu kuwa mtu wao. Na majembe maana yake wanaelekea kuchimba kisima mchangani, wanakuita mwethya. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, na hawakudhani hata siku moja kuna mtu atawabwekea.

"Kesho nitashuka niwaombe radhi," akasema mama.

"Ushuke wapi?" Baba hakuwa anacheka tena. "Mke wa afisa akafukue mchanga? Tuna mifereji ndani ya nyumba. Tulihama ili tupumzike na majembe."

Mama hakushuka. Jembe lake likabaki gereji, karibu na kinu chenye magunia.

Jumapili niliwakuta kanisani. Susu Syokau alikaa benchi la mbele, mguu mmoja ameunyoosha kwenye njia, watoto wakawa wanauruka. Nilimwona akiinuka kwa kushika benchi kwa mikono miwili. Nikajiambia ni uzee. Ndiyo, nilijidanganya nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo za Mungu.

Huo ndio mwaka wa mahindi ya njano, unaukumbuka. Mvua ya mwezi wa tatu haikuja. Ng'ombe walikonda mpaka ukaweza kuwasoma mbavu. Dada yangu alizaliwa hospitali mwezi wa sita, akaletwa nyumbani amefungwa blanketi jeupe, na siku chache baadaye mfereji wa jikoni ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza. Wa bafuni ukafuata. Tulikuwa tumejaza lile bafu la mamba, tukalichota kwa kikombe kama wagonjwa, mpaka tukabaki na tope la kutu. Nepi za mtoto zilirundikana. Maziwa ya mama yakaanza kupungua kwa sababu mnyonyeshaji bila maji ni kama kisima bila chemchemi. Mtoto alilia kilio chembamba, na kilio hicho, ninakuambia, kilifika kila chumba cha nyumba ile kubwa.

Wauza maji wa punda hawakupanda tena Mlimani. Watu wa bondeni walikuwa wameamua maji ya kisima ni ya waliokichimba, mpaka mvua irudi. Ni sheria ya mwethya, na haki yao.

"Nenda kwa jirani," baba akaniambia.

"Jirani gani?"

Akafikiri. "Gari la Kijani."

Nikaenda. MBWA KALI, kibao kikasema, na mbwa akabweka. Nikainama nikachungulia chini ya geti. Miguu minne, kucha, manyoya. Wake alikuwa wa kweli. Mwenye nyumba akaja akasimama nyuma ya vyuma.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa hapa tunapakana, mzee. Tumehamia Januari."

"Pale? Sikujua kuna watu," akasema. "Nilijua kuna mbwa."

Akasema hata yeye hana maji. Nyuma yake nilisikia mtu akifunika tangi taratibu. Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Asubuhi iliyofuata nilichukua mitungi miwili nikashuka mtoni bila kutumwa. Mto ule ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati walikuwa wamechimba shimo refu kuliko mtu. Mmoja anaingia ndani anachota, anampa wa juu, wa juu anajaza mitungi kwa zamu. Aliyekuwa juu, ameketi mdomoni mwa kisima mguu mmoja umenyooka, ni Susu Syokau.

Nilisimama mwisho wa foleni nikiangalia chini. Foleni ikasogea. Nilipofika, yeye naye alikuwa anaangalia chini, kwenye miguu yangu.

"Patipati hizi nazijua," akasema.

Sikutaka kulia, lakini pua ilianza yenyewe.

"Ni yule ngiti wa Mlimani!" akasema mmoja, na ngiti ni mbwa. "Bweka kidogo tukujue vizuri."

"Hawezi, koo limekauka," akajibu mwingine.

"Si huko kwao mbwa hunywa bafuni?" akamalizia Kavata, na mto mzima ukacheka. Mimi, mwanangu, mcheshi wa darasa zima, niliyewapa majina walimu wote, nikabaki kuzihesabu kamba za patipati zangu.

Susu akainua mkono. Wakanyamaza.

"Mama yako amejifungua?"

"Ndiyo, Susu."

"Mtoto gani?"

"Msichana."

"Ananyonya?"

"Maziwa yamepungua, Susu."

Akachukua mtungi wangu mmoja, akaujaza polepole, akachuja mchanga kwa ncha ya leso yake mwenyewe. Akauweka mbele yangu. Nikasogeza wa pili. Akaurudisha kwangu ukiwa mtupu.

"Huu uliojaa ni wa mtoto," akasema. "Yeye hakubweka. Ule mwingine ni wenu, utajaa siku mtakayochimba."

Nikainua ule wa mtoto. Nilipokuwa nikijiweka sawa, akaongeza, bila hasira, kama mtu anayenifundisha njia: "Nyumba ile si mbaya, mwana. Wazungu waliijenga juu ili wamwone kila mtu. Ninyi mmeingia humo ili msione mtu."

Sijui nilipandaje kilima kile. Baba alikuwa mlangoni. Akatazama mtungi uliojaa, akatazama ule mtupu, akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, na safari hii patipati sikuzimeza. Nikamwambia maneno ya Susu kama alivyoyasema. Baba akaingia bafuni, akaketi ukingoni mwa lile bafu kavu, mikono katikati ya magoti. Afisa wa ushirika. Mama akapita na mtoto begani, akamtazama, akaenda kuuchukua mtungi uliojaa.

Kesho yake baba hakuenda ofisini. Alikunja suruali ya kazi, akachukua jembe la mama pale gereji, akanipa mimi sururu. Tulishuka. Wanawake walipotuona waliacha kuimba.

"Leo wamekuja wote wawili," akasema Kavata. "Mbwa na mwenye mbwa."

"Tumekuja kuomba radhi, mama zangu," baba akasema, na sauti yake ikavunjika katikati kama ya kijana. "Huyu alibweka, lakini mimi ndiye niliyecheka."

Susu akaitikia kwa kichwa. "Maji ya kisima yameshuka. Anahitajika mtu wa kuingia ndani."

Nikaingia mimi. Ndani ya shimo lile kuna baridi na giza la alfajiri, mchanga unakuingia masikioni, na juu unaona duara la mbingu na nyuso za watu uliowatukana. Nilichimba mpaka mikono ikatoa malengelenge. Nilipotoka kupumzika, nikamuuliza Kavata, kwa sauti ya chini, nani alikuwa akiingia siku zote.

"Susu," akasema. "Hakuna aliyejua kuchimba kama yeye, mwembamba vile. Alikuwa anaufuata mkondo kwa vidole tu." Akanitazama, na mara hii hakuwa na utani. "Goti halijakunjika tangu siku ile."

Mwanangu, nimeandika mitihani, nimekula viboko, nimesimamishwa mbele ya shule nzima siku niliyomfungia mbuzi ofisini mwa mkuu. Hakuna kilichowahi kuniingia kama maneno hayo. Susu mwenyewe hakuniambia. Mpaka leo hajaniambia. Angeniambia ningemlipa kwa machozi nikaona nimemaliza. Alichofanya ni kuninyooshea kipande cha kile kibuyu kilichopasuka, ambacho sasa walichotea maji, nikarudi shimoni.

Nilikuwa mtu wa shimoni mpaka mvua ilipokuja mwezi wa kumi na moja. Mtungi wa pili ulijaa. Mama, alipopata nguvu, alishuka na mtoto mgongoni, akasimama pembeni kwa haya. Kisha akaanzisha ule wimbo wake wa Mbooni, na majembe yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Kavata akamvika leso. Kile kibao cha MBWA KALI baba aliking'oa akakipeleka mtoni kufunika kisima, mbuzi wasiingie. Mbuzi hawajui kusoma, lakini bati ni bati.

Lakini goti ni goti pia. Mvua ilirudi, mfereji ulirudi, goti halikurudi. Usidhani kila kitu kikiombewa radhi hupona.

Basi mwanangu Mutua, nyumba ile ni nzuri, sikukatazi. Kuta ni imara, uligonga mwenyewe. Ila uliangalia vyumba, hukuangalia kilima. Kabla hujatia sahihi, shuka kwa miguu mpaka bondeni, ujue ni nani anayeishi chini yako, anachota wapi, na anaitwa nani, maana mtaa wa juu hukaa mabegani mwa wa chini. Mfereji usiujaribu mwezi huu, rudi uujaribu mwezi wa tisa jua likiwa limekomaa. Mkeo muulize atatwanga wapi, na ukimsikia akisema atatandika magunia, usinunue. Simama nje ya geti lako mwenyewe kama mgeni, upige hodi, uone mgeni anakaa wapi akikungoja. Kwetu Mbooni kila boma lilikuwa na mahali pa mgeni kukaa kabla ya kuingia. Hapa Mlimani tuliweka kibao. Na mtoto wako akifanya mzaha juu ya mtu aliyekuja na mikono iliyojaa, usicheke, hata kama ni mzaha mtamu. Mimi nakuambia ulikuwa mtamu sana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bafu la mamba halijai kwa cheo.

Likizo iliyopita nilishuka kumsalimia Susu Syokau. Sasa anatembea kwa mkongojo. Alisikia hatua zangu kabla hajaniona, akauliza, kama anavyouliza kila mara, "Leo umevaa nini miguuni?" Nikasema viatu vya shule, Susu. Akasema haya, ingia.

Nami kwa jina la babu nililobeba, nakubariki wewe na kila anayenunua nyumba akisoma haya. Paa lako lisivuje, ua wako uchanue, mfereji wako usikohoe. Na siku utakapokohoa, maana utakohoa, Mungu akukutanishe na mtu kule bondeni anayejua sauti ya hatua zako, na asiwe ameijua kwa kuitazama miguu yako chini ya geti.